Vyombo vya habari vya mashariki vifungue mlango kwenye chaneli za WhatsApp, lakini visihamie huko

Goma, Bukavu, Beni, Butembo, Bunia, Uvira: habari ya kwanza ya asubuhi haitoki tena kwenye redio peke yake. Inatoka kwenye telefone, na mara nyingi inatoka kwenye kundi la WhatsApp: kundi la familia, la kanisa, la avenue, la wanamotari, la wazazi wa shule. Mtu anasikiliza ujumbe wa sauti wa dakika mbili kutoka kwa mtu asiyemjua, unaosema kwamba barabara fulani imefungwa ama kijiji fulani kimeshambuliwa. Kabla hajamaliza chai yake, ameshautuma kwa makundi mengine. Redio ya mji itatoa ukweli kwenye habari za saa sita. Wakati huo, watu wengine wameshafunga mizigo, wengine wameshafunga duka, na bei ya unga imeshapanda.

Mashariki mwa Kongo, habari ya uongo inaweza kumtoa mtu nyumbani kwake bila sababu, ama kumpeleka kwenye barabara ambayo hakupaswa kuipita. Ndiyo maana swali la mahali ambapo vyombo vya habari vinakutana na watu wake si swali la vijana wanaopenda teknolojia tu. Linagusa maisha ya watu.

Kwa muda sasa kuna mlango mpya. Tangu tarehe 13 Septemba 2023, WhatsApp imefungua huduma ya chaneli katika inchi zaidi ya 150. Magazeti na televisheni kubwa za Ulaya na Marekani ziliingia mapema na kukusanya wafuatiliaji wengi. Upande wa mashariki mwa Kongo, redio nyingi za mtaa na kurasa nyingi za habari bado zinategemea makundi ya zamani, yale yanayojaa haraka, ambamo tangazo la msiba, uuzaji wa kiwanja na habari ya vita vinapita pamoja. Wakati umefika wa kutoka hapo. Lakini wanaoingia waingie kwa akili, maana wengine duniani waliingia kwenye majukwaa kama haya kwa haraka na wakalia.

Chaneli inafanya nini ambacho kundi halifanyi

Kundi la WhatsApp lina mwisho: watu 1024. Kila mmoja anaona namba ya mwenzake, na kila mmoja anaweza kuandika chochote. Msimamizi akilala, asubuhi anakuta ujumbe 300, na kati yake ile habari ambayo redio yake iliihakikisha imezama kama jiwe ndani ya Ziwa Kivu.

Chaneli imejengwa namna nyingine. Mwenye chaneli peke yake ndiye anayetangaza, naye anaweza kusaidiwa na wasimamizi wengine, hadi 16. Wafuatiliaji hawana kikomo. Mfuatiliaji haoni namba ya telefone ya mfuatiliaji mwingine, wala haoni namba ya msimamizi. Anaweza kutia alama ya hisia na kupiga kura kwenye swali lililoulizwa, lakini hawezi kuleta fujo mbele ya wote. Tena habari ya chaneli ikitumwa mbele kwenye kundi la familia, inabeba kiungo kinachorudisha watu kwenye chaneli ilikotoka. Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Kwa mara ya kwanza, habari inayotembea kutoka telefone hadi telefone inaweza kutembea na kitambulisho chake.

Kuna mipaka pia, na inafaa kuijua kabla ya kuanza. Chaneli kwa kawaida haipigi kengele: imenyamazishwa hadi mfuatiliaji mwenyewe aiwashe. Wakati wa kuizindua, WhatsApp ilitangaza kwamba inatunza ujumbe wa chaneli kwa siku 30 tu. Na ujumbe wa chaneli haulindwi kwa ile siri inayolinda mazungumzo ya watu wawili. Chaneli ni kama ubao wa matangazo mbele ya soko la Virunga ama la Kadutu: kila anayepita anausoma, na mwenye ukuta anaona kila kitu kinachobandikwa.

Mwenye ukuta si mwenye gazeti

Hapa ndipo somo la wengine linasaidia. Mwenye ukuta anaitwa Meta, kampuni ya Marekani iliyokuwa inaitwa Facebook, na ambayo mwaka 2014 ilitangaza kuinunua WhatsApp kwa dola milioni elfu 19. Kampuni hiyo imeshafanya kazi na vyombo vya habari kwa miaka mingi, na historia ya kazi hiyo inajulikana.

Kwa miaka mingi vyombo vya habari vya dunia nzima vilipeleka wasomaji wao kwenye Facebook. Vilichapisha kila kitu huko, vikaajiri watu wa kutengeneza video kwa sababu Facebook ilisema watu wanatazama video sana. Mwezi Septemba 2016, kampuni yenyewe ilikubali kwamba hesabu yake ya wastani wa muda ambao watu wanatazama video ilikuwa imezidishwa. Mwezi Januari 2018, Facebook ilibadilisha tena utaratibu wake: machapisho ya marafiki na familia yakapewa nafasi ya mbele, ya kurasa za habari yakasukumwa nyuma. Vyombo vilivyokuwa vinaishi kwa wasomaji wa Facebook vilijikuta na mlango uliofungwa bila kubishiwa hodi.

Mfano wa Kanada unauma zaidi. Tangu Agosti 2023, Meta imezuia habari za vyombo vya habari kwenye Facebook na Instagram katika inchi hiyo, kwa sababu serikali ilipitisha sheria inayotaka makampuni makubwa ya intaneti yalipe vyombo vya habari. Mwezi ule ule, moto wa pori ulikaribia mji wa Yellowknife, na wakaaji wote wakaamriwa kuhama. Watu walikuwa barabarani, wakitafuta kujua njia gani iko wazi, na hawakuweza kutumiana habari ya redio yao kwenye Facebook.

Wakaaji wa Goma hawana haja ya kuelezwa maana ya jambo hilo. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka. Siku zilizofuata, ardhi ilitikisika, na tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru watu wa sehemu kubwa ya mji waondoke. Watu kwa maelfu walishika barabara ya Sake, wengine wakaelekea Rutshuru, wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Katika siku kama hizo, mtu anatafuta sauti moja anayoiamini. Sauti hiyo ikiwa imefungiwa ndani ya nyumba ya mtu mwingine, siku mwenye nyumba anapogeuza funguo, wote wanabaki nje.

Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa chombo cha habari, methali hiyo haimaanishi kukataa chaneli. Inamaanisha kulima kwenye shamba la kukodi huku ukijua kwamba mbegu, jembe na ghala lazima vibaki kwako.

Jina kwanza, halafu redio ilitangaze

Basi, chombo cha habari kinachotaka kuanza kianze wapi?

Kianze na jina. Mtu yeyote anaweza kufungua chaneli na kuipa jina la redio inayojulikana, akaweka na nembo yake. Tayari picha zenye nembo za vyombo vya habari, lakini zenye maneno ambayo vyombo hivyo havikuyasema kamwe, zinazunguka kila palipo na vita ama uchaguzi. Chombo kisichojitokeza mapema kinaacha jina lake barabarani. Kwa hiyo, hata redio ambayo haiko tayari kutangaza kila siku ifungue chaneli yake, iweke jina lake kamili, mji wake, masafa yake ya FM, na iombe kuthibitishwa pale inapowezekana.

Halafu redio yenyewe ilitangaze. Hapa redio za mtaa za mashariki zina nguvu ambayo magazeti ya Ulaya hayana. Mtangazaji ambaye watu wameizoea sauti yake kwa miaka kumi anaweza kusema hewani, mara tatu kwa siku: chaneli yetu ya kweli ni hii, nyingine zote si zetu. Kiungo kiwekwe kwenye ukurasa wa intaneti, kiandikwe kwenye mlango wa ofisi, kiwe kwenye karatasi ndogo kwa wauza mega na kwa wabadilisha pesa. Watu wanaamini chaneli kwa sababu wanaamini redio, na imani hiyo ilijengwa kwa jasho. Redio Maendeleo ya Bukavu iko hewani tangu mwaka 1993. Redio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002. Hakuna jukwaa jipya linaloweza kununua miaka hiyo.

Habari chache, lugha ya watu, uzito mdogo

Kosa la kwanza la wanaoingia kwenye jukwaa jipya ni kumimina kila kitu. Habari 40 kwa siku, kila moja na kiungo, kila moja na neno "haraka". Mfuatiliaji anachoka siku ya tatu, na siku ya nne anaondoka. Chaneli inayodumu ina saa zake, kama redio ilivyo na saa za habari: muhtasari wa asubuhi kabla watu hawajatoka, muhtasari wa jioni baada ya kazi, na katikati ni dharura ya kweli tu. Neno "dharura" likitumiwa kwa ziara ya waziri, siku ya mabomu halitasikika.

La pili ni uzito. Mega zinauzwa, na mwenye kununua za franka 500 hataki kuzimaliza kwa video moja ya mkutano. Maandishi mafupi yanafika hata pale mtandao ni dhaifu. Ujumbe wa sauti wa dakika moja na nusu unafika pia, na unamfikia mama ambaye hasomi, mwanamotari anayeendesha, mchimbaji wa Rubaya ama wa Kamituga anayesikiliza jioni na wenzake kumi kwenye telefone moja. Video iwekwe pale ambapo picha yenyewe ndiyo habari.

La tatu ni lugha. Vyombo vingi vya mashariki vinaandika kwa Kifaransa na kusema kwa Kiswahili. Kwenye chaneli, desturi hiyo inageuka kizuizi. Ile sauti ya uongo inayozunguka kwenye makundi haizungumzi Kifaransa cha ofisini. Inazungumza Kiswahili cha Birere, Kinande cha Butembo, Mashi ya Walungu. Ukweli ukija umevaa koti na tai huku uongo umevaa nguo za kila siku, watu watamfungulia mlango yule wanayemfahamu. Habari ile ile itolewe kwa Kiswahili kwanza, na pale inapohusu usalama ama afya, itolewe pia kwa lugha ya sehemu inayohusika.

Mambo haya yameshajaribiwa Afrika. Mwezi Oktoba 2014, wakati Ebola ilikuwa inaua watu Afrika ya magharibi, BBC ilifungua huduma ya WhatsApp kwa ajili ya ugonjwa huo tu: ujumbe mfupi, sauti na picha, kwa Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2020, wandishi wa Mail & Guardian wa Afrika Kusini walianzisha The Continent, gazeti la kila Jumamosi ambalo halichapwi kwenye karatasi. Lilipangwa tangu mwanzo lisomeke kwenye telefone, na linatumwa kwa wasomaji kwa WhatsApp na kwa njia nyingine za namna hiyo. Zimbabwe, 263Chat inatuma gazeti lake kwa WhatsApp pia. Wote hao walifanya jambo moja: walitengeneza kitu kinachofaa telefone ya msomaji, badala ya kutupa humo mabaki ya ukurasa wa intaneti.

Na kama kuna sehemu ya dunia ambayo ingehitaji huduma kama ile ya 2014, ni Beni na Butembo. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini na kuenea Ituri iliua watu 2287 kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Kati ya waliokufa kuna waliochelewa kufika kwenye matibabu kwa sababu walikuwa wameambiwa kwamba ugonjwa huo haupo, ama kwamba ni biashara ya watu fulani. Redio za mtaa zilipambana na maneno hayo usiku na mchana. Lakini maneno yenyewe yalikuwa yanapita njia ambayo redio haikuwa nayo.

Kusahihisha mbele ya watu

Chaneli inampa msimamizi uwezo wa kufuta habari na kuirekebisha. Uwezo huo ni mtego. Chombo kikitangaza kwamba watu 12 wameuawa, kisha ikajulikana kwamba ni 7, kufuta kimya kimya kunaacha ile habari ya kwanza ikiendelea kutembea kwenye picha za skrini, na mtu aliyeiona atasema: waliificha. Njia ya heshima ni kuandika wazi, kwenye chaneli ile ile: asubuhi ilitangazwa hivi, ukweli uliohakikishwa ni huu, na chanzo ni hiki. Chombo kinachosahihisha waziwazi hakipotezi watu. Kinawafundisha watu kwamba kikinyamaza, kuna sababu ya kunyamaza.

Vilevile, ofisi iwe na sheria moja isiyovunjwa: hakuna kitu kinachoingia kwenye chaneli kabla ya watu wawili kukisoma. Shindano la kuwa wa kwanza limeshashindwa. Mtu mwenye telefone mtaani atakuwa wa kwanza kila siku. Nafasi iliyobaki kwa mwandishi wa habari ni kuwa yule ambaye watu wanamgeukia kuuliza: je, ni kweli?

Usalama wa anayetangaza na wa anayesoma

Tangu waasi wa AFC/M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi Februari uliofuata, kazi ya habari katika miji hiyo imekuwa kutembea kwenye kamba. Kwa maeneo yaliyo chini ya serikali pia, mwandishi anayesema jambo lisilopendeza anajua kwamba anaweza kuitwa. Chaneli haiondoi hatari hiyo. Katika mambo mengine inaipunguza, katika mengine inaibadilisha sura.

Inaipunguza kwa sababu namba ya msimamizi haionekani na wafuatiliaji hawaonani. Lakini telefone ikiangukia mikononi mwa mtu mwenye silaha kwenye kizuizi cha barabarani, orodha ya chaneli ambazo mwenye telefone anazifuata iko wazi mbele yake. Chombo cha habari kinawajibika kuwaambia wasomaji wake jambo hilo bila kuwaficha, na kuwaeleza kwamba kuacha kufuata chaneli kabla ya safari ni jambo la sekunde mbili, na kwamba hakuna atakayewalaumu.

Kwa upande wa ofisi, kadi ya simu inayofungua chaneli iwe ya chombo, si ya kijana mmoja anayejua mambo ya telefone. Kijana huyo akipata kazi Kinshasa, ama akikimbilia Bujumbura, ama akigombana na mkurugenzi, chaneli isiondoke naye. Wasimamizi wawe angalau watatu, na mmoja awe nje ya mji. Ulinzi wa hatua mbili uwekwe kwenye kila telefone yenye haki ya kutangaza. Na picha ya shahidi, sauti ya mama aliyebakwa, jina la kijiji ambako mtu aliyehojiwa bado anaishi, vitu hivyo vipimwe mara mbili zaidi kuliko kwenye redio. Sauti ya redio inapita na upepo. Kwenye telefone inabaki, inarudiwa, inapelekwa kwa yule ambaye shahidi anamwogopa.

Sheria inafuata hadi kwenye chaneli

Wengine wanafikiri kwamba WhatsApp ni baraza la kuzungumza, ambako sheria ya vyombo vya habari haifiki. Wanakosea. Tarehe 13 Machi 2023, Kongo ilipata sheria mbili kwa siku moja: ile ya uhuru wa vyombo vya habari, inayogusa pia habari za kwenye intaneti, na ile ya mambo ya kidijitali, inayoadhibu kueneza habari za uongo kwa njia za kielektroniki, hata kwa kifungo. Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa mwezi Septemba 2023, akakaa gerezani karibu miezi sita kabla ya kutoka mwezi Machi 2024. Katika kesi yake, upande wa mashtaka ulidai kufuata nyayo za hati iliyopita kwenye programu za ujumbe.

Mashirika ya kutetea wandishi yanaendelea kudai sheria hizo zirekebishwe, na yana haki. Lakini hadi zirekebishwe, kila chaneli ya habari itambue kwamba inachapisha. Iwe na mhariri anayejibu kwa jina, itunze nakala ya kila kilichotoka na ushahidi wake, na isitume mbele hati ambayo haijui ilikotoka. Kwa kuwa WhatsApp haitunzi kila kitu milele, nakala hiyo iwe kwenye diski ya chombo chenyewe.

Nani atalipa?

Swali hili haliepukiki. Redio nyingi za mtaa zinaishi kwa matangazo ya msiba, kwa misaada ya mashirika, na kwa ile bahasha ya "coupage" inayotolewa mwisho wa mkutano na ambayo imeharibu heshima ya kazi kwa muda mrefu. Je, chaneli italeta pesa?

Kwa sasa, jibu la uaminifu ni hapana, ama kidogo sana. Mwezi Juni 2025, WhatsApp ilitangaza matangazo ya biashara kwenye sehemu ya habari mpya, pamoja na njia ya chaneli kudai malipo kwa wanaotaka habari za pekee. Mpango wa namna hiyo unaweza kufaa mji ambako msomaji ana kadi ya benki. Mahali ambapo benki zilifunga milango na watu wanaishi kwa M-Pesa na Airtel Money, haufai kuwa msingi wa bajeti ya mtu.

Pesa itatoka pembeni mwa chaneli. Duka la dawa, shule, kampuni ya mashua kati ya Goma na Bukavu, wote wanaotangaza redioni wanaweza kuongezewa mstari mmoja chini ya muhtasari wa jioni, ulioandikwa wazi kwamba ni tangazo. Wasomaji walio nje, wale wa Bruxelles, wa Kampala, wa Nairobi, wa Marekani, ambao wana kiu ya kujua nyumbani kukoje, wanaweza kuombwa mchango bila aibu. Jambo moja lisifanywe: kuuza nafasi ya habari kwa mwanasiasa na kuiita habari. Chaneli iliyouza imani yake mara moja haina kitu kingine cha kuuza.

Siku mtandao utakapokatwa

Mwisho, lazima kila chombo kijipange kwa siku ambayo chaneli haitakuwepo. Siku hiyo si ya kufikirika. Tarehe 20 Januari 2015, wakati wa maandamano, intaneti na ujumbe mfupi vilikatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa tena kwa karibu wiki tatu, na RFI nayo ikazimwa kwenye FM. Mwanzoni mwa Februari 2025, siku chache baada ya Goma kuanguka, shirika la NetBlocks linalofuatilia hali ya intaneti duniani lilionyesha kwamba X ilikuwa imezuiwa Kongo. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba zamu ya WhatsApp haitafika.

Siku hiyo itabaki antena, mtambo, na sauti ya mtangazaji. Itabaki daftari lenye namba za telefone za wasikilizaji wa kila mtaa na kila kijiji, walioandikishwa kwa ridhaa yao, ili ujumbe mfupi uwafikie pale unapopita. Utabaki ukurasa wa chombo chenyewe, kwa jina linalolipiwa na chombo chenyewe. Redio inayotumia faida ya chaneli kuimarisha vitu hivyo itakuwa imefanya biashara nzuri. Ile inayozima mtambo kwa sababu "watu wote wako WhatsApp" itakuwa imeuza ng'ombe ili inunue kamba.

Wakurugenzi wa vyombo vya habari vya Kivu zote mbili na Ituri wasingoje semina ya mashirika ya kigeni kuamua jambo hili. Vyama vyao vya wandishi vinaweza kukaa siku moja na kukubaliana mambo machache: orodha moja ya chaneli za kweli, inayosomwa hewani na redio zote, kila redio ikitaja za wenzake, namna moja ya kukanusha uongo, ili wote waukanushe kwa wakati mmoja, na ahadi ya kutopigania dharura kwa kupandisha hesabu ya maiti. Hayo hayahitaji dola nyingi. Yanahitaji watu wanaoshindana kila siku kukubali kwamba mshindani mkubwa wa wote ni ile sauti isiyo na jina, inayozunguka usiku kutoka kundi hadi kundi, na ambayo kesho yake hakuna mtu wa kuiuliza.